Jicho Lililopasuliwa: Namba Peke Yake Haitoshi

Tuseme wewe unakaa Kikwe, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Moshi, na mama yako mzee amepatwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka miwili mitatu amekuwa akipapasa ukuta. Hawezi kuchambua maharage, wala hamtambui abishaye hodi mpaka aisikie sauti yake. Basi mkauza mbuzi, mkampeleka hospitali, akapasuliwa. Kesho yake kitambaa kikaondolewa jichoni, naye akaona. Aliporudi nyumbani akasimama uani, akautazama Mlima Meru, akacheka kama msichana.

Lakini miezi miwili imepita, na sasa anasema: "Mwanangu, ninaona, lakini vitu vimevutika. Taa ya pikipiki usiku ina mkia. Herufi za kitabu changu zina kivuli." Jirani mmoja asema, "Ni uzee huo." Wa pili asema, "Daktari ameliharibu jicho." Wa tatu amekuja na miwani aliyoinunua sokoni. Je, nani asema kweli?

Yamkini hakuna hata mmoja. Jicho la mama laweza kuwa zima kabisa, ila umbo la uso wake limebadilika kidogo. Badiliko hilo lina jina, lina kipimo, na lina hesabu yake. Leo nataka tuifahamu hesabu hiyo pamoja, maana si ya madaktari tu. Atakayeifahamu hatamwacha mzazi wake akae na ukungu bila sababu.

CHUNGWA NA YAI

Mbele ya jicho kuna ngozi ngumu iliyo wazi kama kioo cha saa ya mkono. Madaktari huiita konea. Mwanga huingia kwa kupitia hapo, na konea ndiyo inayoupinda mwanga ili ukutane mahali pamoja nyuma ya jicho.

Konea ikiwa na umbo la mviringo kama chungwa, imepinda sawasawa pande zote. Lakini macho mengi si hivyo. Konea yaweza kupinda kama ubavu wa yai: kwa urefu imelala, na kwa upana imepinda zaidi. Hapo mwanga unaopita kwa mstari mmoja hukutana mapema, na ule wa mstari wa pili hukutana baadaye. Kwa hiyo nukta ya mwanga huonekana kama mchirizi. Hali hiyo yaitwa astigmatizimu. Haiambukizi, wala si laana, na kidogo chake kinapatikana katika macho ya watu wengi wasiojua habari zake.

Mwingereza George Airy, aliyekuwa hodari wa mambo ya nyota, aliigundua hali hiyo katika jicho lake la kushoto. Mwaka 1825 alieleza jinsi alivyolipima jicho lake mwenyewe, akachongewa lenzi iliyopinda zaidi upande mmoja. Lenzi za namna hiyo zatumika hata leo.

Ukitazama cheti cha miwani utaona namba tatu. Ya kwanza ni nguvu ya lenzi kwa jumla. Ya pili ni kiasi cha astigmatizimu, nacho hupimwa kwa dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Ya tatu ni nyuzi, tangu 1 hadi 180, nazo huonyesha mstari wa astigmatizimu umekaa upande gani. Nyuzi 90 ni mstari uliosimama wima, na nyuzi 180 ni mstari uliolala. Watu wengi huipita namba hiyo ya tatu bila kuitazama. Lakini habari yetu yote ya leo imo ndani yake.

KISU HUBADILI NINI

Zamani aliyepasuliwa mtoto wa jicho aliondolewa lenzi yake iliyoingia ukungu, akabaki na miwani minene kama kitako cha chupa. Mwezi Novemba 1949, huko London, daktari Harold Ridley alitia lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Siku hizi lenzi ya namna hiyo ndiyo kawaida, Tanzania kama kwingineko.

Lakini ili lenzi chafu itoke na mpya iingie, lazima pawe na mlango. Upasuaji wa zamani ulihitaji mlango wa milimita 10 hadi 12, nao ulishonwa kwa nyuzi. Njia inayotumika sana katika nchi zetu huhitaji mlango wa milimita 6 au 7, ambao hujifunga wenyewe pasipo kushonwa. Njia ya mashine inayovunjavunja lenzi kwa mtetemo huhitaji mlango usiofika milimita 3.

Sasa fikiri ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri. Ukiilegeza kamba moja ya juu, ngozi hulegea katika mstari ule. Ukiikaza mno, ngozi huvutika. Konea nayo ni vivyo hivyo. Mahali palipokatwa hulala kidogo, na mstari unaoukingama huo hupinda zaidi. Uzi wa kushonea ukikazwa mno, mambo hugeuka kinyume.

Daktari akikata upande wa juu, mstari wa wima hulala. Nayo konea ya mzee, hata isipoguswa na kisu, ina desturi ya kulala kidogo kidogo katika mstari huo wa wima kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo mlango wa juu waweza kuongeza kile ambacho uzee umekwisha kukianza. Akikata upande wa sikio, mstari uliolala ndio unaolegea, na pengine jambo hilo humsaidia mzee.

Huko India, katika taarifa iliyotolewa mwaka 2005, madaktari walizilinganisha sehemu tatu za kukata kwa njia hii ya mlango mdogo usioshonwa. Mlango wa juu ulileta badiliko la wastani wa dayopta 1.28. Mlango wa upande wa sikio ulileta 0.37. Ule ulio katikati ya juu na upande wa sikio ulileta 0.20 tu. Upasuaji ulikuwa wa namna moja, lakini kusogeza mahali pa kukata kulileta tofauti kubwa hivyo.

Je, walijuaje? Hapa ndipo tunapoifikia hesabu yenyewe.

KUTOA SI KUPIMA

Waweza kusema: jambo hili ni rahisi. Pima kabla, pima baada, kisha toa. Kama kabla palikuwa na dayopta 1.50, na baada ya upasuaji pana dayopta 1.50, basi hakuna kilichobadilika.

La, ndugu yangu! Fikiri watu wawili wametoka Kikwe kwa miguu. Mmoja amekwenda kilomita tatu kaskazini, akiuelekea Mlima Meru. Mwingine amekwenda kilomita tatu kusini. Ukiwauliza, "Mmekwenda mwendo gani?" wote wawili watajibu, "Kilomita tatu." Ukitoa tatu katika tatu utapata sifuri. Lakini je, wako mahali pamoja? Wako mbali kilomita sita!

Jicho nalo ni hivyo. Kama kabla ya upasuaji dayopta 1.50 zilikaa katika mstari wa wima, na baadaye dayopta 1.50 zimekaa katika mstari uliolala, basi kisu hakikuleta sifuri. Kimeleta badiliko la dayopta 3 nzima. Mzee aliyezoea ukungu wa namna moja sasa amepewa ukungu wa namna nyingine, na cheti chaonyesha namba ile ile.

Kitu chenye ukubwa na upande kwa pamoja, wanahesabu hukiita vekta. Mwendo ni vekta, na upepo ni vekta. Astigmatizimu nayo yaweza kufanywa vekta, ila kuna jambo moja la kuangalia kwanza.

FIMBO NA MSHALE

Mshale una kichwa. Ukiugeuza nusu ya mzunguko, waelekea kinyume. Lakini fimbo isiyo na kichwa, ukiilaza chini na kuigeuza nusu ya mzunguko, imelala vile vile kama kwanza. Mstari wa astigmatizimu ni fimbo, si mshale. Nyuzi 0 na nyuzi 180 ni mstari mmoja.

Jambo hili huleta kosa. Tuseme jicho moja lina mstari wa nyuzi 10, na la pili lina nyuzi 170. Yote mawili yamekaribia kulala chini. Ukitafuta wastani kwa njia ya sokoni, utajumlisha 10 na 170, ugawe kwa mbili, upate 90. Yaani wima! Fimbo mbili zilizolala zimekupa wastani wa fimbo iliyosimama. Ni upuuzi mtupu.

Dawa yake ni kuzidisha nyuzi kwa mbili kabla ya kufanya hesabu. Kumi huwa 20, na 170 huwa 340. Ukizichora hizo mbili katika duara, utaona katikati yake ni 0. Ukiigawa kwa mbili wapata 0, yaani mstari uliolala. Sasa hesabu imesema kweli. Kwa kuzidisha hivi fimbo imepewa kichwa, nasi twaweza kuitumia kama mshale. Mwaka 1849 mwanahesabu George Stokes alikwisha kuonyesha hesabu ya namna hii kwa lenzi mbili zinazokingamana. Karibu karne moja na nusu baadaye, mwaka 1993, daktari Noel Alpins wa Melbourne, Australia, aliipanga vizuri kwa ajili ya wapasuaji. Alisema kila jicho lipimwe kwa mambo matatu: badiliko ambalo daktari alilikusudia, badiliko alilolifanya kweli, na tofauti iliyobaki kati ya hayo mawili.

JARIBU MWENYEWE NYUMBANI

Mwite mtoto wako anayesoma sekondari, aje na rula na kipimapembe. Tuseme kabla ya upasuaji konea ilikuwa na dayopta 1, na mstari uliopinda zaidi ulikuwa nyuzi 90. Baada ya upasuaji ina dayopta 1, na mstari uliopinda zaidi ni nyuzi 60. Kwa kutoa twapata sifuri. Haya, tuchore.

Kwanza, zidisheni nyuzi kwa mbili: 90 huwa 180, na 60 huwa 120. Pili, wekeni nukta katikati ya karatasi. Kutoka hapo choreni mstari wa kwanza kuelekea nyuzi 180, yaani kushoto, wenye urefu wa sentimita 5. Kila sentimita 5 ni dayopta moja. Tatu, kutoka nukta ile ile choreni mstari wa pili kuelekea nyuzi 120, nao uwe sentimita 5. Nne, ungeni ncha ya mstari wa kwanza na ncha ya mstari wa pili.

Pimeni mstari huo wa kuunganisha. Mtaona kuwa nao una sentimita 5 kamili, yaani dayopta 1. Tena, ukitoka ncha ya kwanza kwenda ya pili, waelekea nyuzi 60. Gawanyeni kwa mbili, mpate 30. Basi upasuaji huu umeongeza mpindo wa dayopta 1 katika mstari wa nyuzi 30. Mstari unaoukingama huo ni wa nyuzi 120, na huko ndiko konea ilikolala. Daktari akitazama kitabu chake, aona kwamba ndipo alipokata. Karatasi moja na rula vimesema kile ambacho kutoa kulikificha.

KINYOZI HAJINYOI

Labda wauliza: yote haya yana faida gani? Jicho limekwisha kupasuliwa, hesabu haitalirudisha.

Faida yake ya kwanza ni kwa atakayepasuliwa kesho. Kila daktari ana mkono wake, kama vile kila fundi cherehani ana mshono wake. Mmoja huvuta mlango kulia kidogo, mwingine huufanya mpana kidogo. Yeye mwenyewe haoni, kwani kinyozi hajinyoi. Lakini akichora mishale ya macho yote aliyoyapasua katika karatasi moja, tabia ya mkono wake hutokea wazi.

Twaeni mfano wa madaktari wawili, kila mmoja na macho kumi. Wa kwanza amebadili kila jicho dayopta 1, na mishale yote yaelekea upande mmoja. Wa pili naye amebadili kila jicho dayopta 1, lakini mishale yake imetawanyika huku na huku. Ukiiunganisha mishale, wa kwanza atapata wastani wa dayopta 1, na wa pili atakaribia sifuri. Je, wa pili ndiye bora? Hasha! Wagonjwa wake wote wamepata dayopta 1 kila mmoja, ila hakuna ajuaye zitaangukia wapi. Wa kwanza mkono wake una desturi, na desturi ikijulikana yaweza kutumiwa: atachagua mahali pa kukata ili badiliko lake liipunguze astigmatizimu aliyokuja nayo mgonjwa. Kwa hiyo namba mbili zahitajiwa pamoja: wastani wa ukubwa peke yake, na wastani wa mishale iliyounganishwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Hospitali ya Kikuyu, karibu na Nairobi, madaktari David Yorston, Stephen Gichuhi na wenzao waliandika na kufuatilia matokeo ya macho waliyoyapasua mtoto wa jicho. Hao hawakuwa wakichora vekta. Walitazama mgonjwa aona kiasi gani. Taarifa yao ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba tangu walipoanza kuyafuatilia matokeo, matokeo yenyewe yaliendelea kuwa mazuri zaidi. Mtu akiona kazi yake imeandikwa, huirekebisha.

Dunia nayo imeanza kuhesabu hivyo. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka shabaha ya mwaka 2030 kwa mtoto wa jicho. Shabaha hiyo haiwatazami tu waliopasuliwa, bali waliopasuliwa na kuona vizuri.

LIKUPASALO WEWE

Faida ya pili ni kwa mama yako, nayo yakutegemea wewe. Hesabu yote hii haiwezekani kama mgonjwa hakurudi. Daktari ana kipimo cha kabla. Asipopata cha baada, ana mguu mmoja wa ngazi. Watu wengi wakishaona mwanga husema, "Nimepona," wakakaa nyumbani. Nauli ni ghali, mahindi yanangoja kupaliliwa, na mzee hapendi kusumbua.

Kwa hiyo shika mambo haya. Kwanza, mrudishe kwa tarehe aliyopewa. Kwa kawaida kidonda cha mlango mdogo hutulia kwa wiki sita hadi nane hivi, ndipo kipimo cha miwani huwa cha kuaminika. Waliopasuliwa kwa mlango mkubwa na kushonwa huhitaji muda zaidi, na pengine uzi uliokazwa mno hukatwa ili konea ilegee. Lakini jicho likiuma, likiwa jekundu, au likipoteza nguvu ghafula, usingoje tarehe. Nenda siku hiyo hiyo.

Pili, tunza vyeti vyote, vya kabla na vya baada, pamoja na vyeti vyake vingine. Uliza kipimo kimetoka wapi: ni cha konea kwa mashine, au ni cha miwani? Vyote viwili ni vizuri, lakini usilinganishe cha namna moja na cha namna nyingine, kwa maana mashine huisoma konea tu, na miwani hulipima jicho zima. Tena usishangae akipimwa mara mbili tatu. Machozi yakikauka, au kope ikibana, kipimo huyumba.

Tatu, usimtibu kwa miwani ya sokoni. Miwani hiyo ina nguvu sawa pande zote. Yaweza kumsaidia mtu kusoma, lakini haina mstari, wala haijui nyuzi. Astigmatizimu yake itabaki pale pale. Miwani iliyochongwa kwa cheti chake ndiyo iwezayo kuinyosha.

Nne, uliza bila woga. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari, "Astigmatizimu ya mama ilikuwa kiasi gani na upande gani, na sasa je?" Daktari mwema hufurahi kuulizwa. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya macho inayowafundisha madaktari, na wanafunzi wake hujifunza kwa macho ya wazee wetu hawa hawa. Mzee anayerudi kupimwa hufundisha pia.

Basi mpenzi msomaji, turudi uani kwako Kikwe. Mama amekaa kwenye kigoda, kitabu mapajani, akikisogeza mbali na kukileta karibu. Usimwambie ni uzee. Jioni ya leo, mwonyeshe mistari michache iliyochorwa kama miale ya jua, azibe jicho lisilopasuliwa, na umwulize kama mistari yote ni myeusi sawasawa. Akisema, "Huu umekoza, ule umefifia," basi umekwisha kujua kwamba ana ukungu wenye upande. Kitafute cheti chake, utafute na nauli, na kesho mshike mkono mwende barabarani.